Chatu, Jeni Fichu na Makinikia Tusiyoyaona

Mjadala wetu kuhusu maliasili umezoea kuuliza maswali mawili: tumeuza kiasi gani, na tumelipwa shilingi ngapi? Ni maswali halali. Lakini liko la tatu linalopaswa kuyatangulia yote mawili, nasi hatuliulizi mara kwa mara: tumeuza nini hasa? Makala haya yanalichukua swali hilo la tatu na kulipeleka mahali ambapo wachache wangetarajia kulikuta, yaani katika biashara ya chatu wanaofugwa majumbani huko Marekani na Ulaya. Msomaji anayeogopa nyoka anivumilie. Sizungumzii meno wala sumu, na kwa hakika chatu hana sumu. Ninazungumzia urithi.

Chatu anayehusika huitwa na wanasayansi Python regius, yaani chatu wa kifalme. Ni mdogo akilinganishwa na chatu wakubwa tuliowazoea huku kwetu. Kwa kawaida hazidi sana mita moja na nusu. Akitishwa hujiviringa kama mpira na kukificha kichwa katikati, na tabia hiyo ndiyo iliyompatia jina la mpira miongoni mwa wafugaji wa Marekani. Makazi yake ya asili ni ukanda wa nyika na mashamba unaoanzia Senegal, ukapitia Ghana, Togo, Benin na Nigeria, hadi kufikia Sudan na Uganda. Hula panya, na kwa hiyo mkulima mwenye busara humhesabu kuwa rafiki.

Katika baadhi ya maeneo ya ukanda huo, heshima yake inazidi hiyo ya urafiki. Mjini Ouidah, nchini Benin, chatu wana hekalu lao mpaka leo, na waumini wa Vodun huwaheshimu kama viumbe wa ibada. Miongoni mwa Waigbo wa Nigeria zipo jamii ambamo chatu aliyeuawa kwa bahati mbaya huzikwa kwa heshima. Wasomaji wa Chinua Achebe watakumbuka jinsi kijana Oduche, katika riwaya ya Arrow of God ya mwaka 1964, anavyomfungia chatu mtakatifu ndani ya sanduku, na jinsi kitendo hicho kinavyozua mtafaruku kijijini. Leo chatu wa aina hiyohiyo wanaishi ndani ya masanduku ya plastiki, yaliyopangwa kama droo za kabati katika vyumba vya wafugaji wa ng'ambo, na sisi hatujaona sababu ya kuuliza chochote.

Walifikaje huko? Kwa njia halali, kwa sehemu kubwa. Chatu huyu yumo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Maana yake ni kwamba anaweza kuuzwa nje iwapo mamlaka za nchi anakotoka zitatoa kibali na kujiridhisha kwamba biashara hiyo haihatarishi uhai wa spishi. Tangu mwaka 1975 zaidi ya chatu milioni tatu wa aina hii wamesafirishwa kutoka Afrika Magharibi, hasa Ghana, Togo na Benin, na soko lao kubwa ni Marekani. Wakulima na wawindaji huchimba mashimo ya panya na vichuguu, huwatoa majike wenye mimba au mayai yao, kisha huwauzia wafanyabiashara. Mayai huanguliwa katika vituo vyao, na vifaranga husafirishwa kwa ndege. Kifaranga mmoja wa kawaida huipatia nchi dola chache tu. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, sasa limemweka chatu huyu katika kundi la spishi zinazokaribia kuwa hatarini.

Mpaka hapo hadithi haina jipya. Ni ileile ya malighafi kutoka na fedha kidogo kuingia. Jambo linaloitofautisha ni kile kinachotokea baada ya sanduku kufunguliwa upande wa pili.

Mara chache sana, porini, huzaliwa chatu ambaye rangi au nakshi yake si ya kawaida. Mmoja ni mweupe na wa manjano, macho mekundu, kwa sababu mwili wake hautengenezi rangi nyeusi. Mwingine ana mabaka makubwa meupe yasiyo na nakshi yoyote. Mwingine ana mstari mpana mweusi mgongoni, ubavu wa dhahabu, na alama chini ya macho mithili ya machozi yaliyochorwa usoni kwa mchekeshaji wa sarakasi. Wafugaji wakampa jina la mchekeshaji huyo. Wote watatu walitoka Afrika. Mwaka 1992 mfugaji mmoja wa Marekani alifaulu kwa mara ya kwanza kuizalisha rangi ya ualbino kutoka kwa chatu aliyetoka porini. Mwaka 1997 ilithibitishwa kwamba mabaka meupe nayo ni tabia ya kurithiwa. Mwaka 1999 ikafuata nakshi ya mchekeshaji.

Kwa nini ilihitaji kuthibitishwa? Methali inasema mtoto wa nyoka ni nyoka, nayo ni kweli. Lakini methali haikutuambia atakuwa wa rangi gani. Hapa ndipo panapohitaji maelezo kidogo ya sayansi.

Kila chatu hubeba nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Jeni zinazoleta rangi hizi tatu ni jeni fichu: nakala moja pekee haionekani, kwa kuwa nakala ya kawaida huifunika. Ili rangi ijitokeze, mtoto lazima apokee nakala fichu kutoka pande zote mbili. Wengi wetu tunaifahamu kanuni hii kutokana na ugonjwa wa selimundu, ambapo mama na baba wasio na dalili yoyote hupata mtoto mgonjwa, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa mbebaji bila kujua.

Sasa mfikirie mfugaji aliyenunua chatu mmoja wa nakshi ya mchekeshaji. Anampandisha na chatu wa kawaida. Mayai yanaanguliwa baada ya takriban miezi miwili, na vifaranga wote wanatoka wa kawaida kabisa: kahawia na weusi, kama baba na mama wa porini. Mtu asiyejua angehitimisha kwamba amepoteza fedha zake. Anayejua anatabasamu, kwa maana kila kifaranga katika sanduku lile ni mbebaji. Anawalisha. Dume hukomaa baada ya mwaka hivi. Jike huhitaji miaka miwili, mitatu, au zaidi. Kisha anapandisha mbebaji kwa mbebaji, au binti kwa baba yake, na kusubiri tena.

Katika uzao wa wabebaji wawili, uwezekano kwa kila yai ni robo moja kuwa wa nakshi, nusu kuwa mbebaji, na robo kuwa wa kawaida kabisa. Jike wa chatu huyu hutaga mayai machache, mara nyingi sita hivi. Ukipiga hesabu utaona kwamba kwa mayai sita uwezekano wa kukosa hata kifaranga mmoja wa nakshi ni karibu asilimia 18. Mfugaji anaweza kusubiri miaka mitatu au minne na kuambulia patupu bila kukosea lolote.

Lakini lipo jambo linalonivutia zaidi kuliko subira hiyo. Miongoni mwa vifaranga wasio na nakshi katika uzao huo, theluthi mbili ni wabebaji na theluthi moja si wabebaji, na hakuna jicho linaloweza kuwatofautisha. Soko la Marekani halikuona tatizo hapo. Lilianza kuuza uwezekano wenyewe. Kifaranga wa kahawia asiye na alama yoyote huuzwa akiwa ameandikiwa kwamba ni mbebaji kwa asilimia 66, na mnunuzi hulipa ziada kwa ajili ya asilimia hiyo. Mbebaji wa hakika, ambaye baba yake alikuwa wa nakshi, hulipiwa zaidi. Katika miaka ya mwanzo, chatu mmoja wa nakshi mpya aliuzwa kwa maelfu ya dola. Kadiri walivyozaana bei ikashuka, na wafugaji wakahamia katika michanganyiko mipya, nakshi mbili au tatu ndani ya nyoka mmoja, ili kuanza upya mzunguko wa uhaba.

Tuitazame bei hiyo imeundwa na nini. Chatu wawili wa kahawia, wanafanana kwa kila kitu. Mmoja ana thamani ya nyama yake, mwingine ana thamani mara nyingi zaidi. Tofauti haimo katika ngozi, wala uzito, wala uzuri. Imo katika daftari: ni nani alipandishwa na nani, lini, na walizaliwa wangapi. Mwenye macho huiona rangi. Mwenye daftari huuona urithi.

Wafanyabiashara wa Accra, Lomé na Cotonou si watu wa kudanganyika kirahisi. Kwa miaka mingi wamejua kwamba kifaranga mwenye rangi ya ajabu anapaswa kutengwa na kuuzwa ghali. Wanachoweza kukitenga, hata hivyo, ni kile kinachoonekana tu. Mbebaji hupita mikononi mwao kwa bei ya kawaida, kwa sababu hakuna daftari linalomtambulisha. Sisi huuza kwa macho, wenzetu hununua kwa daftari, na tofauti iliyopo kati ya jicho na daftari ndiyo faida yao.

Iko na tofauti nyingine. Kahawa hunywewa ikaisha, na mnywaji hana budi kurudi kwa mkulima wa Kagera au Kirinyaga msimu unaofuata. Jeni haiishi, huzaana. Ikishatoka mara moja ndani ya mwili wa chatu mmoja, mnunuzi hana haja ya kurudi tena kwa ajili ya tabia hiyo. Hivyo tunaposema kwamba Benin au Togo iliuza nyoka mmoja kwa dola kadhaa, tunasema nusu ya ukweli. Iliuza nyoka mmoja na vizazi vyake vyote, na kibali cha kusafirishia kiliandika idadi: moja.

Msomaji wa Tanzania hatapata shida kulielewa jambo hili, kwa sababu mwaka 2017 taifa zima lilijadili makinikia. Sitaki kufufua ubishi wa takwimu za wakati ule. Nataka kukumbusha kiini chake. Kontena lilikuwa na hati iliyotaja baadhi ya madini, na swali lililoulizwa na kila mtu, kuanzia bungeni hadi vijiweni, lilikuwa: humo ndani mna nini kingine? Chatu wa kahawia anayebeba jeni fichu ni makinikia yenye uhai. Hati inasema nyoka mmoja. Humo ndani mna nini kingine?

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili. Wengi waliisoma kama sheria ya madini. Ukisoma tafsiri yake ya maliasili utakuta pia mimea, wanyama, rasilimali za kijenetiki na hata vijiumbe. Kwa maneno mengine, mtunga sheria alikwisha kuona kwamba utajiri wa nchi haumo ardhini tu, umo pia ndani ya chembe za viumbe hai. Kenya nayo, katika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliweka masharti kuhusu utafutaji wa rasilimali za kibayolojia kwa madhumuni ya kibiashara. Maneno yapo. Kinachokosekana ni utaratibu unaoyafikisha mezani kwa ofisa anayegonga mhuri.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya Afrika Magharibi pekee akumbuke ua la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, aliokota mimea midogo yenye maua ya zambarau katika milima ya Usambara na kuipeleka kwao. Wataalamu wakaipa jina lake, Saintpaulia. Leo ua hilo linapamba madirisha ya nyumba duniani kote, katika rangi na maumbo yasiyohesabika yaliyopatikana kwa kuchagua na kuchanganya mabadiliko ya jeni, sawasawa na ilivyo kwa chatu. Misitu lilikotoka inaendelea kupungua, na wanakijiji wanaoizunguka hawana mgawo wowote katika biashara ile. Kadhalika, yupo nyoka mdogo wa mchangani anayeuzwa ng'ambo kwa jina la Kenya. Wafugaji wamempatia rangi ya ualbino, na nyingine isiyo na wekundu, zote za jeni fichu, na wakizichanganya hupata nyoka mweupe anayefananishwa na theluji. Jina la nchi limebaki kuwa lebo ya bidhaa. Nchi yenyewe haimo.

Zipo hoja dhidi ya mtazamo wangu, na ni haki zisikilizwe.

Ya kwanza ni kwamba thamani imetokana na kazi ya mfugaji. Ndiye aliyelisha, akasubiri, akapoteza, akatunza kumbukumbu. Nakubali bila kinyongo. Nimekwisha kueleza ugumu wa kazi hiyo. Lakini kazi hufanyika juu ya kitu. Fundi seremala hudai ujira wa ufundi wake bila kukana kwamba mninga una mwenyewe. Hoja yangu haimnyimi mfugaji chake. Inauliza tu kwa nini katika hesabu nzima sehemu ya mwenye msitu iwe ni bei ya panya wawili.

Ya pili husema kwamba ufugaji wa ng'ambo unawaokoa chatu wa porini, kwani anayenunua aliyezaliwa kizimbani hana haja ya yule wa msituni. Mantiki ni nzuri. Hata hivyo, Marekani ilikuwa tayari inazalisha chatu hawa kwa wingi huku usafirishaji kutoka Afrika Magharibi ukiendelea miaka nenda miaka rudi, kwa sababu wa porini ni rahisi kwa bei, na kwa sababu kila shehena ni bahati nasibu inayoweza kuwa na nakshi mpya. Kiu ya rangi ngeni haikuzima biashara ya porini. Kwa sehemu, imeichochea.

Ya tatu ni ya kisheria: Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki ilianza kutumika mwaka 2014, haiyagusi yaliyopita, na Marekani si mwanachama hata wa Mkataba wa Bioanuwai wenyewe. CITES nayo huuliza kama biashara itaangamiza spishi. Haiulizi nani ananufaika. Yote hayo ni kweli, na ndiyo sababu sipendekezi tusubiri mikataba ya kimataifa itutetee. Masharti ya kibali na mkataba wa mauzo huandikwa na muuzaji, katika ofisi yake, kabla ndege haijaondoka.

Tusimsahau mnyama mwenyewe. Ili kuifikia jeni fichu haraka, njia fupi ni kumpandisha mtoto kwa mzazi wake, na kila mfugaji wa mbuzi kijijini anafahamu kwamba njia hiyo ikirudiwa huleta udhaifu. Aidha, si kila nakshi haina madhara. Iko moja maarufu, inayoitwa kwa jina la buibui, ambayo si ya jeni fichu bali nakala moja tu inatosha kuileta; chatu wenye nakshi hiyo huyumba kichwa na wengine hushindwa kulenga chakula chao, kwa kuwa jeni inayopamba ngozi inavuruga pia mizani ya mwili. Iliendelea kuzalishwa na kuuzwa kwa miaka mingi baada ya kasoro hiyo kujulikana. Soko linalolipa rangi peke yake halina sababu ya kuuliza nyoka anajisikiaje.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaotugusa kwa uchungu zaidi, nami nautaja si kwa kuwalinganisha binadamu na wanyama, la hasha, bali kwa sababu kanuni ya maumbile ni moja. Ualbino wa binadamu pia huletwa na jeni fichu, kutoka kwa baba na mama kwa usawa. Katika nchi hii wapo akina mama waliotelekezwa na kutuhumiwa uzinzi kwa kujifungua mtoto mwenye ualbino, na wapo watoto na watu wazima waliouawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani potofu. Elimu ileile ambayo mfugaji wa ng'ambo anaitumia kupangia faida, sisi hatukuifikisha kijijini hata iokoe maisha. Kutoijua jeni fichu kumetugharimu zaidi ya fedha za nyoka.

Ndiyo maana nawageukia wanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha Eastern Michigan, wanafunzi wa shahada ya kwanza wamezitafuta na kuzitambua jeni zinazoleta baadhi ya rangi za chatu hawa, ikiwamo ile ya ualbino. Malighafi yao ilikuwa nini? Magamba yaliyovuliwa na nyoka, waliyopewa na wafugaji na wamiliki. Kitu ambacho huku kwetu hufagiliwa na kutupwa kiligeuka kuwa maabara. Leo maabara za kibiashara huko hupima kipande cha gamba na kumwambia mmiliki kama nyoka wake ni mbebaji. Jicho limeanza kulifikia daftari. Vyuo vyetu vina wanafunzi wenye akili hiyohiyo, na nyoka tunao. Sioni sababu ya utafiti wa namna hii kuwa wa Michigan na usiwe wa Morogoro, Maseno au Makerere.

Neno gamba lina historia yake katika siasa zetu. Mwaka 2011 chama tawala kilitangaza kwamba kitajivua gamba, na wananchi wakajadili kwa miezi kadhaa ni nani atavuliwa. Baiolojia ina jibu la kusikitisha kidogo: nyoka hujivua gamba mara nyingi kwa mwaka, na rangi yake hubaki ileile, kwa sababu rangi haikai katika gamba. Mfumo wetu wa kuuza maliasili nao umevuliwa magamba mengi tangu uhuru. Majina ya wizara, mamlaka na vibali yamebadilika. Tabia ya kuhesabu vichwa na kusahau urithi tuliirithi kutoka kwa forodha za kikoloni, na kama jeni fichu, hujificha kizazi kimoja na kujitokeza katika kingine.

Je, inawezekana kufanya vinginevyo? Inawezekana, na mfano tunao. Mwaka 2000, bwawa la Kihansi lilipopunguza manyunyu ya maporomoko yaliyowahifadhi vyura wadogo wasiopatikana penginepo duniani, vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, ili wazalishwe. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Lakini walikuwa wametoka kwa makubaliano, kwa hesabu, na kwa lengo la kurudi. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirejea Tanzania, na kuanzia 2012 wakarudishwa bondeni kwao. Viumbe walewale wadogo, safari ileile ya ndege, nchi ileile ya kupokea. Kilichotofautiana ni maandishi yaliyoambatana nao.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kupendekeza. Kwa watumishi wa umma wanaoshughulikia vibali: Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016, na mimi si mmoja wa wanaotaka mlango huo ufunguliwe kwa pupa. Lakini zuio peke yake hufunga mlango bila kuandika kilichomo ndani. Muda huu utumike kuandaa masharti: sampuli ibaki nchini kabla kiumbe yeyote hai hajatoka, iwe kwa utafiti au maonyesho, na mpokeaji atie saini kwamba tabia yoyote ya kurithiwa itakayoleta faida itakuwa na mgawo wa nchi na wa jamii ya eneo husika. Kwa vyuo vikuu: tuanzishe daftari la pamoja la mabadiliko ya rangi na maumbo yanayoonekana kwa viumbe wetu, likiwa na sampuli, tarehe na mahali, na tumshirikishe mkulima na mganga wa kienyeji, ambao huyaona kabla ya profesa. Kwa wanaharakati: kila mnapodai takwimu za mauzo ya maliasili, msiishie kwenye tani na dola. Dai lenu la kwanza liwe maelezo ya kilichomo.

Swali la tatu si la nyoka pekee. Ni la mbegu za mtama na muhogo zinazokusanywa na miradi, la udongo wa maziwa ya magadi, la damu ya wagonjwa wetu inayosafirishwa kwa ajili ya utafiti, la lugha zetu zinazorekodiwa ili kufundishia mashine. Kila kimoja kati ya hivyo huondoka kikiwa na umbo la kawaida na bei ya kawaida. Kabla ya kugonga mhuri, ofisa na aulize tumeuza nini hasa. Na kama jibu halimo katika hati, mhuri usubiri.